Nuru imefika Mombasa, maneno yake yako Marikiti

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuulizwa ni mtihani, hasa kwa mtu anayelipwa mshahara kwa sababu ya kujua. Mtihani wangu nilipewa Marikiti, katika kisiwa cha Mombasa, mbele ya magunia ya iliki, bizari na adesi, na sina budi kukiri mbele yako msomaji kwamba niliuanguka.

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye huuza viungo sokoni hapo kama alivyouza babake. Mwanawe, mwanafunzi wa shule ya upili, alikuwa akimsaidia wakati wa likizo. Baada ya shikamoo na marahaba, kijana akaniuliza: “Mjomba, ile nuru inayopita ndani ya waya wa baharini ina rangi gani?”

Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Mnamo Juni 2009 waya wa TEAMS, unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifikishwa Mombasa. Sherehe za kuupokea zilifanyika penye Ngome ya Yesu, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka Marikiti. Mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ulimwengu. Kijana huyu amezaliwa na kukua juu ya nuru hiyo. Ana haki ya kuuliza rangi yake.

Nilianza kumjibu kwa Kiswahili. Sentensi ya pili ikachechemea. Kufikia ya tatu nilikuwa nimeshazama katika Kiingereza. Shemeji yangu, aliyekuwa akimpimia mteja adesi, akaweka kipimo chini akasema: “Maalim, nyinyi ndio mtwambiao redioni kwamba Kiswahili chatosha. Mbona leo wewe umekikimbia?”

Mteja akacheka. Mimi sikucheka, kwani kijana aliongeza jambo lililonichoma zaidi. Alisema anakusudia kuliacha somo la Fizikia, kwa sababu kila aletewapo karatasi yake ya mtihani hajui kama amefeli Fizikia ama amefeli Kiingereza.

Makala haya ni kulipa deni hilo. Mimi ni mtu wa isimu, si mwanafizikia. Lakini nimesoma, nimewasumbua wenzangu wa idara ya sayansi, na nimejaribu kuieleza habari ya nuru, kuanzia uzi wa baharini hadi utafiti mpya kabisa wa miaka hii, kwa lugha ambayo shemeji yangu angeweza kuisikiliza huku akipima bizari.

Rangi isiyoonekana

Nianze na jibu la swali lenyewe. Nuru ya waya wa baharini haina rangi kwa macho yetu. Nuru ni mawimbi, na rangi ni jina tunalolipa urefu wa wimbi. Wimbi la rangi nyekundu lina urefu wa nanomita 700 hivi, yaani sehemu mia saba za bilioni moja ya mita. Nuru ya mawasiliano ina mawimbi ya karibu nanomita 1,550, marefu kuliko jicho la mwanadamu linavyoweza kupokea. Urefu huo ulichaguliwa kwa sababu ndio ambao kioo huumeza kwa uchache kuliko mingine.

Waya wenyewe, ukiyavua mavazi yake ya chuma na plastiki, una nyuzi chache za kioo. Kila uzi ni mwembamba kama unywele, na nuru hupita katika kiini chake chenye upana wa maikromita tisa tu. Aliyetufungulia mlango huo ni Charles Kao, ambaye mwaka 1966, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kinachoizuia nuru kusafiri mbali si kioo chenyewe bali ni uchafu uliomo ndani yake. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule ambao uzi wa kioo ulitia nanga Mombasa.

Ndani ya kioo nuru huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Fujairah hadi kwetu ni takriban kilomita 5,000. Basi habari hufika kwa sehemu ya arubaini ya sekunde. Njiani, kila baada ya makumi ya kilomita, kuna vikuza vinavyoitia nguvu nuru iliyochoka. Na ili uzi mmoja ubebe mengi, hupitishwa humo rangi nyingi kwa pamoja, zote zisizoonekana, kila rangi na ujumbe wake, mithili ya wachukuzi wengi katika kichochoro kimoja ambao kila mmoja ana mzigo wake na hapigani kikumbo na mwenziwe.

Bei ya rejareja na bei ya jumla

Je, ni kweli kwamba hawapigani vikumbo? Hapa ndipo panapoanza elimu ambayo wanasayansi huiita optiki isiyo ya mstari. Jina hilo hutisha, lakini jambo lenyewe linajulikana Marikiti tangu zamani.

Ukinunua kilo moja ya pilipili manga kwa bei fulani, na kilo mbili kwa bei hiyo mara mbili, na tatu kwa mara tatu, basi ukiichora bei yako karatasini utapata mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo bei ya rejareja. Lakini ukisema unataka gunia zima, muuzaji hubadilika: hukuvutia kiti, huagiza kahawa, na bei ya kila kilo hushuka. Mstari umepinda. Wingi wa mahitaji yako umeibadilisha kanuni yenyewe ya biashara.

Nuru hafifu hununua rejareja. Ikipita katika kioo, kioo hakishtuki. Ukiiongeza mara mbili, inayotoka ni ile ile mara mbili. Nuru kali, hasa ya leza, hununua kwa jumla. Inapopita hukibadilisha kioo, na kioo kilichobadilika huibadilisha nuru. Mskoti John Kerr aligundua mwaka 1875 kwamba nguvu kubwa ya umeme hubadili namna kioo kinavyopitisha nuru. Baadaye ilidhihirika kwamba nuru kali, yenyewe peke yake, inaweza kufanya kazi hiyo.

Ushahidi wa kwanza mashuhuri wa tabia hii ulipatikana mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya leza ya kwanza kuwaka. Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha nuru nyekundu ya leza ya yakuti katika jiwe la kwatzi. Upande wa pili palitokea, pamoja na ile nyekundu, chembe kidogo ya nuru mpya yenye wimbi fupi mara mbili, iliyo nje ya upeo wa urujuani. Hadithi yake ina funzo kwa wahariri wa magazeti: doa hilo dogo la nuru mpya lilionekana kwenye picha kama uchafu, likafutwa kabla ya makala kuchapishwa. Hadi leo picha hiyo ina mshale unaoelekeza mahali pasipo na kitu.

Kwa wahandisi wa nyaya za bahari tabia hii ni adui. Wakizidisha nguvu ya nuru ili ujumbe ufike mbali, rangi huanza kuchanganyikana; mzigo wa huyu humwagikia kikapu cha yule. Ndiyo sababu hawawezi kuongeza nguvu watakavyo. Lakini kiharibucho baharini hujenga mahali pengine, na mahali penyewe ni juu ya kibanzi.

Pete na chanuo

Kibanzi ni neno la Kiswahili la kipande kidogo kilichobanduka, kama cha mti. Nalitumia hapa kwa kile ambacho wengi huita chipu: kisahani kidogo cha silikoni au dutu nyingine kilichochorwa mapito. Katika vibanzi tulivyozoea, vya simu na kompyuta, kipitacho ni umeme. Katika vibanzi vya aina hii kipitacho ni nuru.

Chora katika fikra zako mfereji mwembamba wa nuru, na pembeni yake pete, nayo imetengenezwa kwa dutu ipitishayo nuru, kama nitraidi ya silikoni. Nuru ikipita mferejini, sehemu yake huvukia petenini na kuzunguka. Si kila nuru hukubaliwa. Hukubaliwa ile tu ambayo mawimbi yake hutimia sawasawa kuizunguka pete: mawimbi 58 kamili, au 59, au 60, bila nusu wala robo kubakia. Iliyokubaliwa huzunguka mara nyingi mno na kujilimbikiza, na nguvu kidogo iliyoingia huwa kali ndani ya pete. Hapo bei ya jumla huanza.

Kwanza, hufanyika biashara ya kuvunja fedha. Nuru huja kwa chembe ziitwazo fotoni. Fotoni mbili za rangi moja hukutana na kutoweka, na mahali pake huzaliwa mbili nyingine, moja yenye nguvu zaidi na moja yenye nguvu pungufu. Ni kama kumpa muuzaji noti mbili za shilingi 50 naye akakurudishia shilingi 60 kwa mkono mmoja na 40 kwa mwingine. Jumla ni mia ile ile. Hapana kilichoongezeka wala kupungua. Biashara hiyo ikiendelea, rangi moja iliyoingia huwa rangi kumi, huwa mia, zote zimejipanga kwa nafasi zilizolingana kama meno ya kichana.

Wanasayansi huliita jambo hili chanuo la nuru. Theodor Hänsch na John Hall walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005 kwa kazi ya vipimo vya nuru iliyotumia machanuo ya namna hiyo, wakati huo kwa mitambo ya kujaza meza. Mwaka 2007 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba chanuo linaweza kuzaliwa ndani ya kipete kidogo juu ya kibanzi.

Nuru ya parafujo

Sasa tufike kwenye jambo jipya. Rangi si sifa pekee ya nuru. Nuru ina umbo pia. Mwaka 1992 Les Allen na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walieleza kwamba mwale wa leza unaweza kusokotwa, uso wa wimbi lake ukawa unazunguka mhimili wake kama hesi za parafujo. Katikati ya mwale huo pana giza, na nuru huuzunguka utupu kama maji yanayozunguka shimo. Mwale waweza kuwa na msokoto mmoja, miwili, mitatu na kuendelea, kwa kulia au kwa kushoto. Nuru yenye umbo lililokusudiwa namna hii naiita nuru iliyosukwa, kwa sababu imepangwa kama ukili unavyopangwa kabla ya kuwa mkeka.

Umbo hilo lina kazi. Nuru ya parafujo hushika chembe ndogo na kuizungusha. Kwa kuwa mwale wa msokoto mmoja unaweza kutofautishwa na wa misokoto miwili, kila msokoto waweza kuwa mchukuzi mwenye mzigo wake hata kama rangi ni moja. Mwaka 2013 watafiti walipitisha biti trilioni 1.6 kwa sekunde kwa njia hii katika uzi maalumu wa kilomita 1.1. Nasema maalumu kwa makusudi: nyuzi za kawaida za baharini, zikiwemo hizi zetu, hupitisha umbo moja tu, na nuru ya parafujo haiwezi kusafiri humo. Asije mtu akakuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Nuru hiyo hutengenezwaje kibanzini? Kwa hesabu ya darasa la pili. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao walitoboa vijino ndani ya pete ya silikoni. Pete ndogo kiasi kwamba kumi hivi zingejipanga katika upana wa unywele. Kila kijino huirusha nuru kidogo kwenda juu. Pete yenye vijino 58 ikizungukwa na mawimbi 58, vijino vyote hurusha kwa pamoja na mwale hutoka bila msokoto. Mawimbi yakiwa 60, kila kijino huchelewa kidogo kuliko mwenziwe, na ukitimiza duara uchelewaji huo umefika mawimbi mawili kamili: mwale una misokoto miwili. Mawimbi yakiwa 57, msokoto ni mmoja, umegeukia upande wa pili. Toa vijino katika mawimbi. Jibu ndilo umbo la nuru.

Unganisha sasa hadithi zote mbili. Weka vijino katika pete ile inayozaa chanuo. Kila jino la chanuo ni rangi yake, kila rangi ina idadi yake ya mawimbi, na kwa hiyo kila rangi hutoka na msokoto wake. Kutoka kwa leza moja yenye rangi moja, kibanzi hutoa kundi la miale, kila mmoja na rangi yake na parafujo yake. Kazi za namna hii zilichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Photonics. Na Afrika haikukaa kando katika elimu hii ya maumbo ya nuru: Andrew Forbes anaongoza maabara mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Adesi na lenzi

Msomaji atauliza: ikiwa mambo yanaelezeka hivi, mbona siku ile nilikimbia? Jibu langu si la kujitetea. Nilikimbia kwa sababu tumefundishwa kuamini kwamba neno la sayansi halina budi kutoka mbali na kuonekana la ajabu, vinginevyo si la sayansi.

Hebu tulitazame neno lenzi. Kiingereza kimelichukua kutoka Kilatini, na katika Kilatini maana yake ni adesi. Waliokitengeneza kile kioo kilichotuna pande zote mbili walikiona kimefanana na punje ya adesi, wakakiita adesi, basi. Waarabu nao hukiita adasa, kwa neno lao la adesi. Mataifa mawili yenye elimu kubwa ya nuru yalikwenda sokoni, yakachungulia gunia, yakarudi na istilahi. Gunia lilo hilo liko mbele ya shemeji yangu. Alikuwa akilipimia nilipokuwa nikitafuta maneno ng'ambo.

Wala elimu hii haikuanza na Kiingereza. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, aliandika Kitabu al-Manadhir kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 11, akieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru huingia jichoni. Wazungu walikisoma kwa tafsiri ya Kilatini kwa karne kadhaa. Elimu ilihama kutoka lugha hadi lugha, na kila lugha iliyoipokea ililazimika kuketi chini na kujitafutia maneno. Hapana iliyozaliwa nayo.

Kiswahili nacho kina mazoea hayo. Jina Marikiti lenyewe ni la Kiingereza lililovishwa kanzu: tumeliongezea irabu, tukaliketisha katika mji wetu, na leo hapana mtu wa Mombasa anayelihisi geni. Parafujo tuliachiwa na Wareno, pamoja na meza na leso. Nuru ni ya Kiarabu, mwanga ni wa Kibantu, na kila moja limepata mahali pake. Basi kwa nini tuone haya kusema leza, fotoni, kibanzi, chanuo, hesi na nuru iliyosukwa? Baadhi ya maneno haya ni mapendekezo yangu, na mwenye bora zaidi na alilete. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Msingi ulikwisha kujengwa. Tulichokosa ni watu wa kuingia nyumbani na kukaa.

Najua nitakavyojibiwa. Mtihani wa Fizikia wa shule za upili hapa Kenya hutungwa kwa Kiingereza, na mwalimu anayefundisha kwa lugha nyingine atakuwa anawahini wanafunzi wake. Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuipuuza. Hata Tanzania, ambako sayansi ya shule za msingi za umma imefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, shule za sekondari zimebaki na Kiingereza. Sisemi mwalimu auvunje mfumo peke yake. Nasema kuna tofauti kati ya lugha ya kujibia na lugha ya kuelewa. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa jambo kwa lugha yake hubaki na kazi ya kujifunza maneno mapya. Asiyeelewa kwa lugha yoyote hukariri, na kilichokaririwa huyeyuka mlangoni mwa chumba cha mtihani. Dakika kumi za Kiswahili kabla ya saa nzima ya Kiingereza hazivunji sheria, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia.

Nasi wa vyuo vikuu tuna fungu letu la lawama. Tunaandika tasnifu kuhusu uundaji wa istilahi, tukizihesabu na kuzipanga kwa majedwali, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuitumia istilahi hata moja kumweleza kijana jambo alilotaka kulijua? Neno lisilotumika ni mbegu iliyofungiwa ghalani.

Wiki mbili baadaye nilirudi Marikiti. Nilikuwa na kipande cha karatasi chenye picha ya pete na vijino vyake. Nilieleza habari ya bei ya jumla, nikaeleza noti za hamsini, nikaeleza parafujo. Niliposema kuhusu mawimbi 60 na vijino 58, kijana alinikatiza: “Basi yakiwa 61 ni misokoto mitatu, Mjomba.” Sikuwa nimemfundisha hilo. Alilitoa mwenyewe.

Babake aliikunja ile karatasi yangu akaitia mfukoni, asije akaifungia bizari. Kuhusu kuacha Fizikia, kijana hajaamua bado. Amesema atangoja mtihani wa muhula huu. Nimemwambia kwamba safari hii, akifeli, angalau atajua amefeli nini.